Mchoro wetu wa klaudi unasema seva tatu, akaunti ina saba: nyie michepuko mnaikamataje?

kibatari_cha_usiku (mleta uzi)

Wakuu heshima mbele, wakubwa shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili nikaona nilishushe hapa, maana ofisini nikilisema naonekana natafuta mchawi.

Tuko kampuni ndogo hapa Dar, kazi yetu malipo ya kadi. Mitambo yote ipo AWS (klaudi ya Amazon), kanda ya Cape Town. Mwezi uliopita akaja mkaguzi wa PCI DSS (kanuni za usalama wa data za kadi), mama mmoja mtaratibu, mwenye maneno machache. Akaomba mchoro wa mtandao. Nikamkabidhi kifua mbele: karatasi ya A3, rangi safi, mishale imenyooka, kila alama ya AWS imekaa mahali pake. Akautazama, akaugeuza nyuma kutafuta tarehe. Miezi 14. Hakusema kitu. Akaniambia tu, "Baba, hebu fungua konso tuhesabu pamoja."

Mchoro una seva tatu. Konso (ukurasa wa kuendeshea akaunti ya AWS) ina sita. Akauliza, "Na kanda nyingine?" Nikaanza kubadilisha kanda moja baada ya nyingine huku bado najiamini. Kufika Ireland nikakutana na ya saba. Jina lake `test-usifute`.

Nikafungua sheria zake za ulinzi: poti 5432 wazi kwa 0.0.0.0/0 (anwani yoyote ya intaneti). Yaani databesi ya Postgres inachungulia dunia nzima kama duka la Mangi lisilo na nondo.

Nani kaiweka? Nikakimbilia CloudTrail, daftari la AWS la nani kafanya nini. Ile historia ya bure inarudi nyuma siku 90 tu, na seva ina miezi 11. Uhifadhi wa kudumu kwenda S3 (ghala la mafaili la AWS) hatukuwahi kuuwasha. Nikauliza wenzangu, kila mtu akawa anaangalia viatu vyake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ni watu wa Terraform, mitambo tunaiandika kama msimbo nayo inaijenga! Kila kitu kimeandikwa, kipo Git (inayotunza historia ya mafaili), na `terraform plan`, inayolinganisha maandishi na kilichopo, kila nikiiendesha inanijibu hakuna cha kubadilisha.

Nilijaribu pia kuuweka mchoro wenyewe Git, faili la draw.io (programu ya kuchorea). Nikisogeza kisanduku kidogo tu kulia, Git inapiga kelele mistari kibao imebadilika. Nikifuta databesi nzima kwenye mchoro, mistari minne. Sasa hapo nafuatilia mabadiliko gani?

Hii hali ya kilichopo kutofautiana na kilichoandikwa, ofisini tumeibatiza "mchepuko". Naomba uzoefu wenu.

tambi_za_eid

Hahaha mkuu, michepuko sio dili, baki njia kuu. Nimekaa siti ya mbele.

mzee_wa_cron

Marahaba kijana. Kwanza tuelewane lugha, kwa sababu hapo umechanganya vitu viwili na ndiyo maana plan yako imekudanganya.

Mchepuko ni kitu ulichokiandika mwenyewe, halafu mtu akapita mlango wa nyuma akakibadilisha kwa mkono kwenye konso. Hicho Terraform itakiona, kwa kuwa kipo kwenye faili lake la hali (orodha ya vitu inavyovisimamia) na kila ikipiga plan inakwenda kuuliza AWS "yule wangu yukoje leo?"

`test-usifute` si mchepuko. Ni mtoto wa nje ya ndoa. Hajawahi kuandikwa popote, Terraform haimjui, haitamuuliza, haitamtaja. Anaweza kukua mpaka akaoa, plan bado inasema nyumbani shwari.

Michepuko kuikamata ni rahisi. Weka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya usiku iendeshe `terraform plan -detailed-exitcode -lock=false`. Ikitoka na 0 hakuna kitu, 1 ni hitilafu, 2 kuna tofauti. Ukipata 2, tuma ujumbe kwenye kundi la timu. Tofauti yenyewe inaweza kuwa ni msimbo uliounganishwa Git lakini haujatekelezwa, kwa hiyo kabla hujamnyooshea mtu kidole, endesha ya pili na `-refresh-only`. Hiyo inakuonyesha kilichobadilika huko nje tu.

Tahadhari moja, imewaumiza wengi: `apply -refresh-only` inalikubalisha faili la hali na uhalisia, basi. Msimbo wako haiugusi. Ukidhani umemaliza, plan inayofuata itataka kurudisha kila kitu kama kilivyoandikwa. Kama badiliko la mkono lilikuwa na maana, liandike kwenye msimbo siku hiyo hiyo.

Watoto wa nje ni kazi nyingine. Hapo inabidi uhesabu kilichomo kwenye akaunti, uhesabu kilichomo kwenye faili la hali, utoe. Zamani tulikuwa na driftctl ikifanya hivyo vizuri, Snyk wakainunua 2021, baadaye wakaacha kuiendeleza. Siku hizi wengi tunajiandikia wenyewe.

wakili_wa_bandarini

Mzee kwa kuongezea, wale wa CloudFormation (kama Terraform, ila ya AWS wenyewe) msijione mko salama. Kipimo chake cha mchepuko kipo tangu Novemba 2018, lakini kinakagua sifa ulizozitaja mwenyewe kwenye kiolezo. Usipoitaja, mtu akaibadilisha, kitakwambia kila kitu kiko sawa.

chapati_mbili_Nairobi

Wadau, si mwashe tu AWS Config? Inaandika kila rasilimali na kila badiliko lake, tarehe na saa. Michoro nayo muachane kuchora kwa mkono, kuna programu za kuichora moja kwa moja kutoka kwenye akaunti. Tatizo limeisha.

mzee_wa_cron

Config ni nzuri lakini inatoza kwa kila badiliko inaloandika. Wenye seva zinazozaliwa na kufa mchana kutwa kwa kujipanua, bili yake mtaisoma mmekaa. Tangu mwishoni mwa 2023 inakuruhusu kurekodi mara moja kwa siku, hapo ina nafuu. Na unaiwasha kanda kwa kanda. Huyu mwenzetu angeiwasha Cape Town tu, Ireland ingebaki giza vile vile.

dada_wa_forodhani

Naomba nimjibu wa Nairobi kuhusu michoro ya kujichora yenyewe, kwa sababu nimepita humo na nimerudi na makovu.

Tulianza na `terraform graph`, tukaipitisha Graphviz (programu ya kuchora grafu). Kwa mradi wa kujifunzia unapendeza. Kwa akaunti halisi unapata sahani ya tambi. Tukajaribu CloudMapper ya Duo Labs, hiyo walau ilikuwa inasoma akaunti yenyewe na kuonyesha nani anaweza kumfikia nani. Nayo, ukishakuwa na visanduku mia mbili, hakuna mwanadamu anayeisoma. Nilimwekea bosi wangu kwenye skrini ya ukutani, akauliza kama kompyuta imeharibika.

Halafu kuna shida ya ndani zaidi. Mchoro uliojichora kutoka kwenye akaunti hauwezi kukosea, na ndiyo ubaya wake. Utaichora `test-usifute` kwa heshima zote, kisanduku na mshale kama mwenzake. Haujui kwamba haikutakiwa kuwepo. Nia iko kichwani kwa watu, AWS haina.

Kwa hiyo sisi tuna michoro miwili na hatuichanganyi. Mmoja ni wa nia, mdogo, visanduku visivyozidi kumi na tano, umeandikwa kwa maandishi ya Mermaid (mistari inayogeuzwa picha) ndani ya Git kando ya msimbo. GitHub inauonyesha moja kwa moja tangu 2022. Ukiongeza databesi unaongeza mstari mmoja, na anayepitia ombi lako anauona huo mstari, hakuna habari ya kisanduku kusogea. Wa pili hata si mchoro, ni orodha. Mashine inaiandika kila usiku, na tunacholinganisha ni hiyo.

kibatari_cha_usiku

Dada hapo kwenye orodha naomba ushuke taratibu, hapo ndipo nilipo.

dada_wa_forodhani

Haya kaka, niazime sikio.

Picha haifai kulinganishwa, umeliona mwenyewe na draw.io. Mahali kilipokaa kisanduku si habari. Habari ni mambo mawili: nini kipo, na nini kinamfikia nani. Sasa kila usiku tunazoa: seva, databesi, vigawa mzigo, sheria za ulinzi, jedwali za njia. Tunatoa faili moja la maandishi, kila kitu mstari mmoja, kila njia mstari mmoja, zimepangwa kwa alfabeti. Tunalisukuma Git. Tofauti ya jana na leo ndiyo ripoti. Mfano wa juzi:

```
- njia  api-malipo <- kigawa-mzigo   443
+ njia  api-malipo <- 0.0.0.0/0      443
+ seva  eu-west-1  (bila mwenyewe)
```

Alama ya - ni kilichoondoka, + ni kilichoingia: api-malipo imefunguliwa kwa dunia nzima, na Ireland (eu-west-1) kuna seva mpya isiyo na mwenyewe. Mistari mitatu, na ukiisoma tumbo linaunguruma. Hakuna mchoro wa rangi ungeniambia hivyo haraka.

Ila kufika hapo palikuwa na kazi. Wiki ya kwanza ripoti ilikuwa inakuja na mistari mia nne kila asubuhi, siku ya tatu hakuna aliyekuwa anaifungua. Nilichojifunza:

AWS haikuahidi kukurudishia vitu kwa mpangilio ule ule. Usipopanga mwenyewe, vitu vinahama mstari na Git inadhani dunia imepinduka.

Futa sehemu zinazojibadilisha zenyewe: saa ya kuwashwa, anwani za muda, tarehe ya bekapu ya mwisho.

Halafu lile kubwa, utambulisho. Tulianza na namba ya seva, ile inayoanza na `i-`. Lakini sisi kila toleo jipya tunaua seva na kuzaa nyingine, kwa hiyo kila Alhamisi ripoti inasema seva zote zimekufa, wageni wameingia. Tukabadilisha: zilizo kwenye kundi la kujipanua zinahesabiwa kitu kimoja kwa jina la kundi, idadi yake haiandikwi. Sheria ya ulinzi ikimtaja mwenzake kwa namba, tunaitafsiri iwe jina kabla ya kuandika. Hapo ndipo ikashuka mpaka mistari miwili mitatu kwa wiki, na watu wakaanza kuisoma wakiwa na chai.

chapati_mbili_Nairobi

Hapo umenena dada. Lakini mbona uandike hayo yote, si kuna ile `resourcegroupstaggingapi get-resources`, amri moja inakupa kila kitu?

dada_wa_forodhani

Inakupa vyenye tagi (lebo), au vilivyowahi kuwa na tagi. Kile ambacho hakijawahi kubandikwa tagi maishani mwake haikitaji kabisa. Na mtu anayewasha kitu kwa mkono saa nane usiku ndiye huyo huyo asiyebandika tagi. Jaribu Resource Explorer, inatafuta kanda zote kwa pamoja, ingawa nayo haijui kila aina ya rasilimali. Sisi tunapita kanda moja moja kwa amri za kawaida, ni dakika sita tu, hakuna anayekufa.

mkongo_wa_baharini

Nami nitoe changu. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikawa ya kuomba Mungu? Ofisi niliyokuwepo tulifungua usiku ule handaki la VPN kupitia kanda ya Ulaya ili wateja wapumue. Kazi nzuri, tulipongezwa, tukaletewa na pilau.

Mwaka mmoja baadaye nyaya zilishaungwa zamani, handaki bado lipo na linalipiwa. Kwenye mchoro halipo, maana lilikuwa "la muda". Michepuko mingi haiwekwi na watu wabaya, inawekwa na shujaa wa usiku mmoja ambaye asubuhi alikwenda kulala.

tambi_za_eid

Pilau la nyama au la mboga? Tuanzie hapo.

jembe_la_kilosa

Sioni sababu ya uzi kuwa mrefu hivi. Weka roboti irudishe kila kitu kwenye njia kuu yenyewe. Kubernetes (inayoendesha programu kwenye kundi la seva, yaani klasta) na Argo CD (ndiyo roboti yenyewe) tunafanya hivyo: Git inasema hivi, klasta inafuata, ukigusa kwa mkono inarudishwa ndani ya muda mfupi. Watu watashika adabu tu.

mkongo_wa_baharini

Ndugu, mimi roboti hiyo iliwahi kuniumiza. Mfumo umelemewa, nimeongeza nakala za programu kwa mkono kutoka tatu hadi kumi, wateja wanaanza kurudi. Roboti ikaja, ikaona Git inasema tatu, ikaua saba. Nikaongeza tena, ikaua tena. Nilidhani nimelogwa. Ilibidi nitafute jinsi ya kuizima huku simu ya bosi inaita.

mzee_wa_cron

Ni kweli, na dawa yake ni kuamua mapema sehemu gani Git haina kauli. Idadi ya nakala kama inaendeshwa na kijipanuaji, itoe kwenye msimbo, au kwenye Terraform uiweke `ignore_changes` (usiangalie mabadiliko haya) kwa `desired_capacity` (idadi inayotakiwa). Vinginevyo kila usiku utapata mchepuko ambao si mchepuko.

Lakini hiyo `ignore_changes` nayo watu wameigeuza funika kombe mwanaharamu apite. Niliwahi kurithi mradi, kila rasilimali ina `ignore_changes = all`. Plan inang'aa, haina doa. Niliondoa moja kwa majaribio, sheria za ulinzi kumi na moja zikafufuka kaburini.

Na usimruhusu roboti kurekebisha sheria za ulinzi wala databesi bila mtu kuangalia. Atoe taarifa, mtu aamue. Mwisho wa siku hata kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani, Agosti 1, 2012, msimbo mpya uliwekwa kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika. Soko lilipofunguliwa ile moja iliyobaki nyuma ikaanza kurusha oda, na ndani ya dakika kama 45 zikapotea zaidi ya dola milioni 440. Katika kuhangaika, wakaondoa msimbo mpya kwenye zile saba nzima, mambo yakazidi kuwa mabaya. Waliurekebisha mchepuko kuelekea upande wenye kosa.

wakili_wa_bandarini

Kuhusu mkaguzi, mkuu, usimchukie. PCI DSS toleo la 4.0.1 kifungu cha 1.2.3 kinadai mchoro wa mtandao ulio sahihi, na 1.2.4 kinadai mwingine wa mtiririko wa data za kadi, usasishwe mazingira yakibadilika. Watu wengi wanausasisha wiki moja kabla ya ukaguzi. Ile historia ya dada kwenye Git ukimwonyesha mkaguzi, kila usiku imeandikwa na kila tofauti ina jina la aliyeishughulikia, atakunywa maji na kuondoka.

Na kabla hujafika kwenye michoro, funga mlango. Kanda usizotumia zikatalie kwa sera za AWS Organizations (inayosimamia akaunti nyingi kwa pamoja). Ila usikate kila kitu kichwa kichwa: IAM (ruhusa za watumiaji) na Route 53 (majina ya tovuti) zinahesabika ziko Virginia, ukizizuia umejifungia nje. Na sera hizo hazigusi akaunti mama. Wenye akaunti moja tu wanaziandika, wanafurahi, na hazifanyi kazi yoyote.

kibatari_cha_usiku

Sisi tuna akaunti moja tu 😅. Nimekusikia mkuu, nimeshaomba ya pili.

Wakuu nimerudi na mrejesho, naona ni haki yenu.

Nimeandika ile orodha ya dada. Usiku wa kwanza mistari 612. Baada ya kupanga, kufuta saa na kuunganisha makundi, imeshuka hadi 74, na hiyo 74 ndiyo ramani yetu halisi. Nimechora mchoro mpya wa Mermaid, visanduku 12. Kila kisanduku kina jina linalopatikana kwenye orodha, na hati fupi ya Python inapiga kelele kama kuna jina kwenye mchoro lisilo kwenye orodha, au seva na databesi kwenye orodha isiyo na kisanduku. Mwenyewe nilishangaa jinsi ilivyo ndogo, mistari kama themanini.

CloudTrail sasa inamwaga S3. Na EventBridge (kengele ya AWS ya matukio) inatuma ujumbe kila mtu akiita `AuthorizeSecurityGroupIngress`, amri ya kufungua mlango kwenye sheria za ulinzi. Kama kwenye `userAgent` (jina la chombo kilichoita) hakuna neno Terraform basi ujumbe unakuja mwekundu. Nimeiweka kila kanda, Ireland ya kwanza.

Zile tatu za Cape Town zilizozidi: mbili zilikuwa za majaribio, zimefutwa. Moja nimeiingiza Terraform kwa `import`.

tambi_za_eid

Na `test-usifute`? Uzi wote nasubiria hiyo.

kibatari_cha_usiku

Poti nilifunga siku ile ile mbele ya mkaguzi. Halafu nikachukua nakala ya diski, tarehe 20 nikaizima bila kuifuta. Siku ya kwanza kimya. Wiki nzima kimya. Nikaanza kuandaa sherehe ya kuifuta.

Tarehe mosi asubuhi mama wa uhasibu akapiga simu. "Mwanangu, leo ile barua pepe ya saa kumi na moja alfajiri haijaja." Ipi mama? Ile ya ulinganisho wa miamala ya mwezi, anayoipeleka benki. Inakuja yenyewe, hajawahi kujua inatoka wapi.

Nikaiwasha, nikaingia ndani. Cron moja tu, inaamka mara moja kwa mwezi. Juu yake kuna maelezo: "ya muda, tutaihamisha."

mzee_wa_cron

Kumbe mtoto wa nje ndiye alikuwa analisha familia.

dada_wa_forodhani

Sasa ipo kwenye mchoro?

kibatari_cha_usiku

Kisanduku cha 13. Tumeihamishia Cape Town, ipo kwenye Terraform, ina tagi ya mwenyewe. Jina tumebadilisha pia.

tambi_za_eid

Mmeiita nani?

kibatari_cha_usiku

`ripoti-usifute`